Mstari Ulioandikwa Arusha

Aprili 2025, siku chache baada ya Idi, nilikwenda benki kuchukua taarifa ya akaunti ya miezi mitatu. SACCOS yetu ya walimu huitaka kabla ya kupitisha mkopo, nami nilikuwa naomba fedha za kumalizia chumba cha nyuma. Nikapewa karatasi saba, muhuri kila ukurasa. Kwenye daladala la Tabata nilipata kiti cha dirishani, nikazitoa nikaanza kuzisoma. Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo. Miaka yote nilizichukua na kuzipeleka zilikotakiwa kama zilivyo, kama mtu aliyetumwa barua ya mwenzake.

Kwenye ukurasa wa sita nikakutana na mstari ule. Tarehe 11 Machi, ununuzi kwa kadi, shilingi 168,500. Jina la muuzaji lilianza na jina la ukoo nisilolijua, likafuata GENERAL SUPPLI, hapo likakatika. Kisha ARUSHA. Kisha TZ.

Mwaka huo nilikuwa sijakanyaga Arusha. Tarehe 11 ilikuwa Jumanne ya Ramadhani: nilishinda darasani, nikatoka moja kwa moja kwenda nyumbani kupika futari. Kadi siendi nayo shule, hukaa kwenye droo ya kabati chumbani.

Aliyekuwa Arusha siku hiyo ni mdogo wangu. Amekaa kwangu tangu amalize chuo, akitafuta kazi. Jumatatu tarehe 10 alipanda basi la alfajiri Stendi ya Magufuli kwenda kwenye usaili, akarudi Alhamisi. Nauli nilimpa mimi. Na mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemsomea namba za kadi yangu, zote kumi na sita pamoja na zile tatu za nyuma, alipie ada ya mtihani kwenye intaneti.

Kabla daladala halijafika Tabata Relini nilikuwa nimeshahukumu. Tarehe inamwelekea yeye, mji unamwelekea yeye, na namba anazijua.

Nyumbani nilimkuta sebuleni na mama mkwe, ambaye alikuja kutoka Tanga kabla ya mfungo na alikuwa bado yuko nasi kwa ajili ya kliniki ya presha. Mdogo wangu alikuwa anampima, amemfunga kile kitambaa mkononi, anamsomea namba. Nilipaswa kumwita pembeni. Sikumwita.

"Arusha ulinunua nini?"

"Arusha? Chakula tu, dada. Kwa nini?"

Nikamwekea karatasi mapajani, kidole kwenye mstari. Akausoma, akausoma tena.

"Hili jina silijui."

"Na namba za kadi huzijui?"

Akanyamaza kidogo. "Ulinisomea mwenyewe, dada, mwaka jana. Sikumbuki hata moja."

"Kama ulikuwa na shida, si ungeniambia?"

Nilidhani nimesema kwa upole. Leo najua kwamba kwa maneno hayo nilikuwa nimeshamaliza kumwita mwizi. Hakunijibu. Alimfungua mama mkwe kitambaa, akakikunja vizuri, akarudisha kila kitu kwenye boksi lake, akaenda chumbani. Mume wangu aliporudi akaniambia nisubiri kwanza nisikie benki wanasemaje. Nikamjibu kuwa karatasi ya benki haisemi uongo. Usiku ule mdogo wangu alichukua begi lake, akaenda kwa rafiki yake Kimara.

Kesho yake niliomba ruhusa shuleni, nikarudi tawini. Aliyenipokea kwenye kitengo cha kadi alikuwa binti mdogo tu. Shikamoo mama, marahaba, akanipa fomu ya kulalamikia muamala. Nilikuwa nimeshajaza hadi pale penye sentensi inayosema kwamba sikufanya muamala huu wala sikumruhusu mtu kuufanya, nimeshika kalamu nitie sahihi, ndipo aliposema, "Mama, subiri kidogo nikuangalizie."

Akabonyeza, akasoma kimya, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta.

"Hapa kadi yenyewe iliingizwa kwenye mashine. Chipu ilisomwa, na namba ya siri ikawekwa. Muamala huu haukufanyika kwenye intaneti."

"Kadi ilikuwa kabatini."

"Na siku ya muamala wenyewe siyo tarehe 11, ni tarehe 8. Jumamosi, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Tarehe 11 ni siku fedha zilipotoka rasmi kwenye akaunti." Akaweka kidole kwenye tarakimu nne pembeni: 5912. "Hii ni namba ya aina ya biashara. Ni duka la dawa, mama."

Mwili ulinifa ganzi. Jumamosi tarehe 8 jioni nilimpeleka mama mkwe duka la dawa, kuongeza dozi zake na kununua kipimo cha presha cha kutumia nyumbani. Watu walikuwa wanakimbizana na futari, foleni ndefu. Huwa nalipa kwa simu, kwa lipa namba, lakini siku ile mtandao wa simu uligoma mara mbili, nikatoa kadi. Nilipofika nyumbani sikukumbuka tena kama nililipa kwa kadi. Kwenye kumbukumbu zangu nililipa kwa simu kama siku zote.

Kile kitambaa nilichomkuta mdogo wangu amemfunga mama mkwe ndicho nilichokilipia kwenye mstari niliomwekea mapajani.

"Lakini Arusha sikwenda," nikasema, sauti imeshapungua.

"Mashine inaweza kuwa hapa hapa Dar. Mji unaoandikwa ni ule alioandikisha mfanyabiashara alipoomba mashine. Kama ofisi yake kuu iko Arusha, itaandika Arusha."

Niliichana ile fomu mwenyewe. Nataka kulisema hili kwa uzito wake. Ningetia sahihi, benki yangu ingeweza kuanza kuzidai fedha zile kutoka kwa benki ya yule mwenye duka. Angeweza kutakiwa kuthibitisha kwamba aliniuzia, na akichelewa au akikosa karatasi, angeweza kunyang'anywa malipo ya dawa ambazo mama mkwe wangu alikuwa anazimeza kila asubuhi. Ile fomu ni kiapo. Watu wengi tunaijaza kama tunavyojaza daftari la wageni getini.

Nyumbani nilifungua boksi la kipimo. Chini ya karatasi ya maelekezo kulikuwa na risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, maandishi yameanza kufifia kwa joto. Juu kabisa, kabla ya TIN, lilikuwepo jina lile lile la ukoo, na safari hii neno limetimia: GENERAL SUPPLIES, na maneno mengine mawili nyuma yake. Jina lililoko kwenye bango la duka, ambalo kila mtu wa mtaa ule analijua, kwenye risiti halikuwepo kabisa. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumuuliza mhudumu. Akanieleza kama kitu cha kawaida: mwenye mali alianza na biashara ya jumla Arusha miaka mingi iliyopita, duka la dawa likaja baadaye, na kampuni ni ile ile moja. TRA wanamjua kwa jina lile, benki inamjua kwa jina lile. Bango ni la wateja.

Hapo ndipo niliposhika jambo ambalo ningelijua mapema, mdogo wangu asingelala Kimara. Jina linaloandikwa kwenye taarifa ya benki siyo jina unalolisoma mlangoni. Ni jina ambalo benki ya muuzaji ilimsajili nalo, na katika safari yake mpaka kwako lina nafasi finyu. Mitandao ya kadi, kama Visa na Mastercard, hupeana taarifa kwa mpangilio wa kimataifa unaoitwa ISO 8583, uliotoka mwaka 1987, enzi ambazo kila herufi ilikuwa na gharama. Jina la muuzaji, mji na nchi, vyote vinagawana nafasi 40. Jina hupata 22 hadi 25, kutegemea mtandao wa kadi, na mji hupata 13. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nilihesabu. Jina lile la ukoo lina herufi saba, nafasi moja wazi, kisha GENERAL SUPPLI: 22 kamili. Na DAR ES SALAAM, ukihesabu na nafasi zake mbili zilizo wazi, ni 13 bila kubaki wala kupungua. Jiji letu limeingia kwa kubanwa.

Risiti ya EFD ndiyo ufunguo tulio nao hapa Tanzania, na tunautupa kwenye pipa la mlangoni. Mashine hizi zilianza kutumika 2010 kwa ajili ya kodi, lakini kwa mtu mwenye kadi risiti ile inafanya kazi ya pili: inakupa jina halali la biashara, tarehe na saa. Kile kikaratasi kingine kidogo, kinachotoka kwenye mashine ya kadi yenyewe, kina namba ya mashine na tarakimu nne za mwisho za kadi yako. Vyote viwili huchapwa kwa joto, kwa hiyo ukiviacha juani au ndani ya gari, baada ya wiki chache unabaki na karatasi nyeupe. Sasa hivi napiga picha nikiwa bado kaunta. Na ule ujumbe wa SMS wa benki kila kadi inapotumika, niliokuwa nimeukataa kwa sababu kila ujumbe una makato yake, nimejiunga nao. Laiti ningekuwa nimejiunga, ujumbe ungeingia Jumamosi ile ile nikiwa bado nimeshika mfuko wa dawa, na Aprili nisingekuwa na swali.

Kuhusu tarehe, nieleze kidogo, maana ndiyo iliyonipoteza zaidi. Ukiingiza kadi, benki yako husema ndiyo na kuizuia ile fedha papo hapo. Fedha yenyewe huondoka baadaye, muuzaji anapofunga hesabu zake na benki zikamalizana. Katikati kukiwa na Jumapili au sikukuu, tarehe inasogea siku mbili, tatu, hata zaidi. Baadhi ya taarifa za benki huandika tarehe zote mbili, na yangu ilikuwa nazo, safu mbili zimesimama bega kwa bega. Mimi nilisoma moja. Wakati mwingine hata kiasi hutofautiana. Nilipolala hotelini Dodoma kwa semina, walizuia fedha zaidi ya bei ya chumba kama dhamana, na salio likaonekana limepungua kwa siku kadhaa kabla ya kurudi sawa. Hilo halina wizi ndani yake.

Wizi, au kitu kinachofanana nao sana, ulikuwa kwenye mistari mingine.

Usiku ule baada ya kutoka benki sikulala. Nilimpigia mdogo wangu, hakupokea. Nikakaa mezani na zile karatasi saba na kalamu, nikaapa kuujibu kila mstari mmoja mmoja: hapa nilikuwa wapi, nilinunua nini, nani alikuwepo. Karibu yote ilijibika. Ikabaki minne midogo, yenye jina moja la tovuti na nchi ngeni mwishoni. Wa kwanza ulikuwa shilingi 25,000 na ushei, wa mwisho 27,000 na ushei. Kule kwenye daladala niliiruka yote minne. Nilidhani ni malipo ya filamu ya mume wangu, na kwa kuwa jina lilikuwa la kiintaneti na kiasi hakikunishtua, macho yalipita. Nikamwamsha kumuuliza. Naye miezi yote ile alidhani ni yangu.

Nilipopanga tarehe ndipo nikaona: 6 Januari, 3 Februari, 3 Machi, 31 Machi. Machi imekatwa mara mbili. Siyo kila mwezi, ni kila siku 28. Kwa mwaka hayo ni makato 13, siyo 12. Na kiasi kilikuwa kinabadilika kwa sababu bei yenyewe ilikuwa ya dola, dola 9.99, na shilingi ilikuwa inashuka miezi ile.

Nikaingia kwenye barua pepe yangu, nikatafuta jina la ile tovuti. Ikaja barua moja ya 30 Desemba 2024. Siku hiyo nilikuwa nabadilisha faili la matokeo ya darasa langu ili niweze kulihariri, ile tovuti ikaniomba senti chache za dola nipakue, nikaandika namba za kadi, nikapakua, nikasahau. Chini ya barua, kwa maandishi madogo, walikuwa wameandika kwamba baada ya siku saba za majaribio nitakuwa mwanachama. Siku saba baada ya 30 Desemba ni 6 Januari.

Kwa hiyo yule niliyemwona mwizi hakuwa ameiba, na aliyekuwa anachukua fedha yangu nilimfungulia mlango kwa mkono wangu. Ningekuwa nimesoma kwa makini mistari inayojirudia badala ya kuukimbilia ule mkubwa, ningeanzia mahali pengine kabisa.

Nilirudi benki mara ya tatu, kwa yule yule binti. Akaniuliza swali moja: "Namba za kadi uliziandika mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema basi hili haliandikwi kama wizi, ni mgogoro wa mteja na muuzaji, na njia yake ni nyingine. Kwanza ingia kwenye tovuti usitishe uanachama, upige picha ukurasa unaosema umesitishwa. Pili waandikie, uwaambie huduma hukuitumia na unataka fedha irudi. Wakikataa au wakikaa kimya, ndipo benki iingie, ukiwa na ushahidi mkononi. Akanionya nisichelewe, kwa sababu kwa aina nyingi za malalamiko mitandao ya Visa na Mastercard hutoa siku 120, na muamala wa Januari ulikuwa unakaribia kufika.

Nikamuuliza kama siwezi kufunga kadi tu nipewe mpya. Jibu lake sikulitegemea: kufunga kadi peke yake hakukati uanachama. Mitandao ya kadi ina huduma inayowapelekea baadhi ya wafanyabiashara namba mpya za wateja wao, ili malipo ya kila mwezi yasikatike, na benki zilizojiunga nayo hupeleka namba hizo. Unaweza kupewa kadi mpya ukadhani umesalimika, kumbe makato yanaendelea. Usitishe kwanza, kadi baadaye. Ile tovuti ilinirudishia makato mawili ya Machi baada ya barua ya pili. Ya Januari na Februari walikataa, nami sikufika nayo mbali zaidi.

Habari hizi zilienea shuleni, na tangu hapo walimu wenzangu huniletea simu zao na karatasi zao wakati wa chai. Nimejifunza mengi kwao kuliko niliyojifunza benki. Mmoja aliona Tallinn, akaogopa hadi kushindwa kula. Tallinn ni mji mkuu wa Estonia, na ni makao ya Bolt, kampuni ya usafiri, ile ile iliyompeleka Mwananyamala hospitali wiki iliyopita. Mwingine aliona neno GOOGLE, nyota, kisha jina asilolijua. Kinachofuata baada ya nyota ndicho kilichouzwa, mara nyingi jina la programu au la aliyeitengeneza. Alipofungua historia ya ununuzi kwenye akaunti yake ya Google akakuta mchezo wa simu ambao mwanawe aliununulia silaha. APPLE.COM/BILL ni vivyo hivyo: fungua historia ya simu kwanza kabla hujapiga kelele. Wapo waliolipia hoteli ya Zanzibar au tiketi na wakaona Pesapal au DPO badala ya jina la hoteli, kwa kuwa hizo ndizo kampuni zinazopokea malipo kwa niaba ya wenye hoteli.

Binamu yangu aliyeko Minneapolis, Marekani, naye alinitumia picha ya kwake. Kule wana herufi zao. SQ na nyota ni duka linalotumia mashine ya kadi ya Square, mara nyingi mfanyabiashara mdogo, kinyozi au mama anayeuza sambusa sokoni. TST na nyota ni mgahawa unaotumia mfumo wa malipo wa Toast. SP huwa ni duka la intaneti lililojengwa juu ya mfumo wa Shopify. AMZN Mktp ni muuzaji aliyepanga ndani ya Amazon. Na 4029357733, iliyomnyima usingizi akidhani ni namba ya tapeli, ni simu ya huduma kwa wateja ya PayPal, inayoandikwa nyuma ya jina la muuzaji. Nyota inakuambia kuna watu wawili kwenye malipo hayo: aliyepokea fedha na aliyekuuzia. Soma pande zote mbili.

Wapo pia waliokutwa wameibiwa kweli, na kwa hao sitaki mtu akae kusubiri. Mwalimu mwenzangu wa darasa la tano alikuta kiasi kisichofika dola moja, jina geni, nchi ngeni. Kampuni za kweli nazo hujaribu kadi kwa kiasi kidogo, lakini hicho hurudi chenyewe baada ya siku chache. Hiki hakikurudi, na hakuna mtu nyumbani kwake aliyekuwa ameandika kadi popote. Wezi huijaribu kadi hivyo, waone kama iko hai, kabla ya kuja na kiasi kikubwa. Alipiga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, siyo namba aliyoipata kwenye ujumbe wala kwenye mtandao, kadi ikafungwa dakika zile zile. Siku mbili baadaye akapigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wa benki, akitaka namba ya siri ili "amrudishie" fedha. Alikata. Benki haihitaji namba yako ya siri kukurudishia kitu.

Mdogo wangu alipokea simu siku ya nne. Nilimwambia yote: Jumamosi, foleni, duka la dawa, herufi 22. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, dada." Nikamwomba arudi nyumbani. Akasema atakuja kumwona mama kabla hajaondoka kwenda Tanga. Niliondoka jioni ile ile na mume wangu tukaenda Kimara, nikamwomba radhi mbele ya rafiki yake, kwa kuwa mimi nilimvunjia heshima mbele ya mama mkwe. Aliniinamia, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema yameisha.

Ile kazi ya Arusha hakuipata, akapata nyingine hapa hapa Dar mwezi Juni. Amepanga chumba Kimara. Jumapili huja kula, huleta matunda, humpima presha mama mkwe kila anapokuja kliniki. Mwezi uliopita alinisaidia kulipia kitu kwenye intaneti, kwa kuwa simu yangu ilikuwa inasumbua. Akajaza jina langu, anwani, kila kitu, mpaka akafika kwenye namba za kadi. Hapo akanipa simu niandike mwenyewe, akasimama, akaenda dirishani, akanipa mgongo mpaka nilipomaliza.